Sena: Bandari Ndogo Iliyozoea Kuachwa na Meli

Hadi mwisho wa Machi 1902, Kakamega na kisiwa cha Mfangano vilikuwa ndani ya Uganda. Aprili mosi mwaka huo Waingereza walihamisha mpaka, na mkoa wote wa mashariki wa Uganda, kuanzia Mumias na nchi ya Wanga mpaka visiwa vilivyo kwenye mdomo wa ghuba ya Kisumu, ukaingia upande wa pili ambao baadaye uliitwa Kenya. Hakuna mvuvi wala mkulima aliyeulizwa. Kwa miaka 61 iliyofuata pande hizo mbili zilibaki katika mkoa mmoja wa Nyanza, Kakamega ikiwa makao makuu ya kaskazini kuanzia 1920 na Mfangano ikisimamiwa kutoka Kisii. Mkoa wa Magharibi ulipoundwa mwaka 1963 ndipo zilipotengana, na leo mtu wa Kakamega humjua mwenzake wa Mfangano kwa kitu kimoja tu: gorogoro ya omena sokoni.

Omena hiyo ina safari ndefu. Sehemu yake hutoka kwenye bichi za Mfangano, ambako huanikwa juani juu ya nyavu zilizotandazwa, ikapakiwa magunia kwenye boti za mbao hadi Mbita kule bara, ikavushwa ghuba, ikachuuzwa katika soko la Luanda kule Vihiga au Kisumu, kisha ikapanda matatu ya Kakamega. Bandari inayoanza msururu huo ni kijiji cha Sena, upande wa kisiwa unaotazama bara. Pana gati, ofisi za serikali, maduka, boti zilizofungwa kamba, na mlima nyuma. Kisiwa chenyewe kina ukubwa wa kilomita za mraba 65 hivi, na kilele chake, Kwitutu, kimeupita uso wa ziwa kwa zaidi ya mita 500. Ardhi tambarare ni chache, ndiyo maana watu wamejibana ufukoni na maisha yao yote yametazama maji.

Watu walikuwa hapo kabla ya Wasuba, wenyeji wa kisiwa wa leo. Katika mapango ya Mawanga na Kwitone kuna michoro ya miamba: duara ndani ya duara na mizunguko kama konokono, kwa rangi nyekundu na nyeupe. Wataalamu huihusisha na wawindaji wa kale, ambao wengine huwaita Batwa, walioishi kandokando ya ziwa kabla ya wakulima kufika. Msomaji wa Kakamega hana haja ya kupanda boti ili aone kazi ya aina hiyo, kwa kuwa mwamba wa Kakapel, katika kaunti jirani ya Busia, una michoro ya jamii hiyohiyo na ulitangazwa kuwa turathi ya taifa mwaka 2004. Mtu akisimama mbele ya miamba hiyo miwili huona kwamba nchi ya Busia na visiwa vya ziwa viliwahi kuwa na mikono inayofanana muda mrefu kabla ya mtu yeyote kuchora mkoa.

Wasuba walifika kwa mitumbwi. Simulizi za koo zao, ambazo mwanahistoria Henry Okello Ayot alizikusanya na kuzichapisha katika kitabu cha mwaka 1979, huanzia Buganda na Busoga. Wengi hutaja ugomvi wa kiti cha ufalme katika karne ya 18, Kabaka Junju alipouawa, na makundi ya watu yakakimbia kufuata ufuko wa kaskazini wa ziwa, yakaruka kisiwa hadi kisiwa, mpaka yakatua Mfangano na kisiwa jirani cha Rusinga. Mwaka, jina la kiongozi na mpangilio wa safari hutofautiana kutoka ukoo hadi ukoo, kama ilivyo kawaida ya simulizi za asili. Linalosimama imara ni lugha. Kisuba ni Kibantu, ndugu wa Kiganda, Kisoga na lugha za Waluhya, na mtu wa Butsotso au Idakho akisikiliza kwa makini hunasa neno hapa na neno pale.

Mtumbwi waliokuja nao haukuwa gogo lililochimbwa tu. Boti za ziwani za aina ya Ssese zilijengwa kwa mbao zilizoshonwa kwa nyuzi za mimea, zikawa na mkuku mrefu uliochomoza mbele ya chombo. Hazikuwa na msumari hata mmoja. Mwaka 1875, Henry Morton Stanley alipolizunguka ziwa kwa mashua yake iliyoitwa Lady Alice akifuata ufuko wa mashariki, aliwakuta watu waliokuwa na vyombo vyao, njia zao na biashara zao. Kwa hiyo usafiri wa majini ulikuwa umezeeka pale visiwani kabla ya meli ya kwanza ya chuma kufika.

Meli hiyo ya kwanza ilikuwa William Mackinnon, na kisa chake kinastahili nafasi. Iliagizwa na kampuni ya Imperial British East Africa mwanzoni mwa miaka ya 1890, ikaundwa Scotland na kampuni ya Bow, McLachlan, kisha ikafunguliwa vipande vipande na kupelekwa Mombasa. Kampuni iliyoiagiza ikafilisika. Vipande vikakaa, vingine vikapotea, vingine vikabebwa vichwani na wapagazi kuelekea ziwani. Chombo hicho cha tani 110 kilishushwa majini Kisumu mwezi Juni 1900, takriban mwaka mmoja na nusu kabla reli haijafika. Reli yenyewe ilikusudiwa kuishia Port Victoria, katika Busia ya leo, na wapimaji wa mwaka 1892 walichora njia yao hivyo. Lau mpango ule ungebaki, jiji kubwa la magharibi mwa Kenya lingekua kwenye nchi ya Wabanyala, na Kakamega ingekuwa mbali zaidi na bandari yake. Lakini mpango ulibadilishwa, mstari ukakatiza hadi ghuba ya Ugowe, ndiyo ghuba ya Kisumu, na Desemba 1901 reli ikafika mahali palipoitwa Port Florence, ambapo sasa ni Kisumu.

Uamuzi huo ndio ulioipa Sena umuhimu wake na udhaifu wake. Kisumu imo ndani kabisa ya ghuba nyembamba na ndefu. Meli yoyote inayotoka humo kwenda Entebbe, Jinja au Mwanza ni lazima ipite mlango wa ghuba ndipo ifike ziwa kuu, na mlangoni hapo ndipo Rusinga na Mfangano zimekaa. Meli zikaongezeka: Winifred na Sybil mwanzoni mwa karne, Clement Hill mwaka 1907, kisha Usoga na Rusinga, ya mwisho ikibeba jina la kisiwa jirani. Watu wa Mfangano waliziona zote zikipita. Nyingi zilipita tu.

Miaka hiyohiyo ya mwanzo malale yalikuwa yakiua watu pande zote za ziwa. Ugonjwa ulizuka Busoga mwanzoni mwa karne, ukashuka na mbung'o ufukoni, na kufikia katikati ya muongo wa kwanza ulikuwa umeua zaidi ya watu 200,000 katika Uganda peke yake. Serikali ya Uganda iliwahamisha kwa nguvu watu wa visiwa vya Ssese na Buvuma. Vijiji vya visiwani upande wa Kenya navyo vilipungua, na vichaka vilivyomea mahali pa mashamba vikawapa mbung'o makao mapya. Bonde la Lambwe, bara karibu na Mbita, liliendelea kusumbuliwa na malale hadi miaka ya 1980.

Kilichoibadilisha Mfangano zaidi kuliko meli kilikuwa uzi. Mwaka 1905 nyavu za kutegea za kitani zililetwa katika ghuba ya Kisumu. Kabla ya hapo wavuvi walitumia migono, mitego ya mafunjo na ndoana. Wavu mmoja ukawa unaleta ngege wengi kuliko mitego ya familia nzima, na reli ikawa tayari kuwapeleka samaki hao Nairobi. Kwa mara ya kwanza samaki wa Sena akawa na bei iliyopangwa na mtu asiyemjua mvuvi wake. Miaka michache tu ilitosha kwa ngege kuanza kupungua kwenye ghuba, na wavuvi wakalazimika kusogea nje zaidi, kuelekea visiwani na maji ya kina.

Vita vya kwanza vya dunia vikaja mpaka mlangoni. Septemba 1914 Wajerumani walivuka mpaka na kuingia Kisii. Winifred ilitumwa na askari kwenda Karungu, kusini kidogo ya Mfangano, ikakutana na meli ya Kijerumani Muansa na kurudishwa nyuma, kisha ikarejea ikiwa na mwenzake Kavirondo na Muansa ikaondoka. Karungu ilikuwa makao ya kwanza ya wilaya ya Kavirondo Kusini kabla ya makao hayo kuhamishiwa Kisii mwaka 1907. Bandari za ziwa hili zina tabia hiyo: mji huwa na bendera, mahakama na bwana shauri, halafu kalamu ikipita huko juu, hubaki na mawe na wavuvi.

Baada ya vita shirika la reli, ambalo baadaye liliitwa East African Railways and Harbours, liliendesha vyombo vidogo vya kuzunguka ghuba. Vilitoka Kisumu vikagusa Kendu Bay, Homa Bay na Asembo, na vingine vikafika Mbita na visiwani. Wamisionari wa Kisabato walikuwa wametumia maji hayohayo walipovuka kutoka Kisumu kwenda Gendia mwaka 1906, na dini yao ikaenea ufuko mzima wa kusini. Pamoja na kanisa na shule ikaja Kijaluo, lugha ya Biblia na ya darasani, na ndoa zikakamilisha kazi. Kufikia nusu ya pili ya karne, Rusinga ilikuwa imegeuka kuwa ya Kijaluo karibu yote, huku Kisuba kikibaki na nguvu zaidi Mfangano. Umbali wa maji ndio uliokihifadhi. Barabara haikufika, na lugha ya barabarani nayo ikachelewa kufika.

Rusinga ilikuwa na bahati ya majina makubwa. Oktoba 1948 Mary Leakey aligundua huko fuvu la Proconsul, nyani wa kale aliyeishi miaka milioni 18 hivi iliyopita. Na Julai 1969, Tom Mboya alipouawa kwa risasi jijini Nairobi, msafara wa mazishi ulikatiza magharibi mwa nchi kwenda Rusinga, nyumbani kwao. Tuta la kuunganisha Mbita na Rusinga halikuwa limejengwa. Jeneza la waziri wa mipango ya uchumi wa Kenya, mtu aliyepanga safari za ndege za mamia ya wanafunzi kwenda Marekani, lilivushwa kwenye mlango mwembamba wa maji ndipo likafika kaburini.

Tuta lenyewe lilikuja mapema katika miaka ya 1980. Lilikuwa boma la mawe na udongo lililoziba mlango mzima kati ya Mbita na Rusinga, na kwa gari moja lililopita juu likafunga njia ya samaki na boti zilizokuwa zikipita chini. Maji ya upande wa ghuba yakapunguza mwendo. Wavuvi walilalamika kwa miaka zaidi ya 30 kabla tuta halijakatwa na daraja kuwekwa, katika muongo wa 2010. Ujenzi wa namna hii hufanywa na mtu anayelitazama ziwa akiwa ndani ya gari.

Hata hivyo tuta liliifanya Mbita kuwa mji, na Mbita ikawa mlango wa Mfangano. Taasisi ya utafiti wa wadudu ya ICIPE, iliyoanzishwa na Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970, ilijenga kituo chake hapo ufukoni. Katika kituo hicho kulifanyiwa kazi mbinu iliyowafikia wakulima wa Kakamega, Vihiga na Butere na ambayo wengi wao hawajui ilitoka wapi: kupanda desmodiamu katikati ya mistari ya mahindi ili ifukuze nondo wa bungua na kulidhoofisha gugu la kayongo, na kupanda majani ya nepia pembeni ili yawavute nondo hao nje ya shamba. Wataalamu wa Mbita, wakiongozwa na Zeyaur Khan pamoja na wenzao wa Rothamsted nchini Uingereza, walianza kuieneza katika miaka ya 1990. Huo ndio msaada mkubwa ambao ufuko huo umewahi kuipa Kakamega, nje ya samaki.

Meli za ghuba nazo zilikuwa zikifa taratibu. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na vyombo vikagawanywa: Tanzania ikapata Victoria na Umoja, Kenya ikapata Uhuru, meli ya kubeba mabehewa iliyoundwa Scotland katikati ya miaka ya 1960. Shirika la Reli la Kenya likarithi pia vyombo vidogo kama MV Alestes, bila karakana kubwa ya jumuiya nyuma yake na bila fedha. Safari zikapungua, injini zikakosa vipuri.

Kisha likaja gugumaji. Lilionekana upande wa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1990, likalishwa na maji machafu ya mito na miji, Nzoia inayotiririka kuelekea magharibi ikiwamo, na kufikia Novemba 1998 lilikuwa limefunika zaidi ya hekta 17,000 za ghuba. Rangi ya ziwa ikawa ya majani. Meli hazikuweza kutoka Kisumu, boti zilikwama siku nzima ndani ya mkeka huo, na huduma ya abiria ya ghuba ikakoma. Kenya ilikuwa imeachilia wadudu wa Neochetina mwaka 1997 wayatafune majani hayo, na pamoja na mawimbi ya mvua za El Niño gugu likapungua ghafla baada ya hapo. Likapungua, ila meli hazikurudi.

Sena haikulala njaa. Hapa ndipo historia ya kijiji hiki inapotofautiana na ile inayoandikwa na mashirika ya meli. Wakati huo wote, sangara, ambaye watu wa ziwani Kenya humwita mbuta, alikuwa amejaa majini tangu alipotiwa ziwani upande wa Uganda miaka ya 1950 na kulipuka kwa wingi katika miaka ya 1980. Viwanda vya minofu vilimtaka, malori yenye barafu yakamfuata, na fedha zake zikanunua injini za Yamaha. Boti ya mbao, yenye umbo la ile ya babu ila iliyopigiliwa misumari na kusukumwa na injini, ikawa basi, lori, gari la wagonjwa na gari la maiti. Hufunga safari alfajiri kwa sababu mchana upepo hubadilika, ukavuma kutoka ziwani, na mlango wa ghuba ukachafuka. Kutoka Mbita hadi Sena ni safari ya saa moja hadi saa moja na nusu, kwa kupitia kisiwa cha Takawiri. Wavuvi wa omena hutoka usiku wa giza na taa zao, wakapumzika mwezi unapopevuka, na nauli, biashara na hata harusi hufuata mwezi huo.

Mabadiliko ya bara yalifika yakiwa yamechelewa na yamekuja kwa mkupuo. Barabara ya kuzunguka kisiwa ilichimbwa katika miaka ya 2000 na magari ya kwanza yakapanda pantoni. Umeme wa jenereta ukafuata. Kituo cha Ekialo Kiona kikajenga maktaba na kuanzisha redio inayotangaza kwa Kisuba pia, Agano Jipya la Kisuba likachapishwa, na Jumba la Makumbusho ya Amani la Abasuba likaanza kuwapeleka wageni kwenye michoro ya Mawanga. Feri inayobeba magari kati ya Mbita na Luanda Kotieno, upande wa Siaya, ikampunguzia mtu wa Kakamega mzunguko mrefu wa Kisumu na Homa Bay (na asichanganye Luanda hiyo na ile ya Vihiga anayoipita njiani). Vyombo vya kampuni binafsi vinavyoitwa Waterbus, vyenye paa, viti na jaketi okozi, vikaanza kugusa Takawiri na Sena. Vilifanya kile ambacho shirika la umma liliacha kufanya miaka 20 kabla.

Mwaka 2020 ziwa likafika lenyewe. Mvua za 2019 na 2020 zilipandisha maji mpaka Mei yakavuka kidogo rekodi ya mwaka 1964, baada ya mvua za uhuru za 1961 kulipandisha kwa zaidi ya mita mbili. Magati yalizama kandokando ya ufuko wa Kenya, mahali pa kuanikia omena pakamezwa, na abiria wakashuka majini magotini wakiwa wamebeba viatu mkononi. Waliojenga magati baada ya 1964 walikuwa na alama ya maji ile ukutani. Walipima kana kwamba haitarudi.

Serikali ya Kenya sasa inazungumzia ziwa kwa sauti ya meli kubwa. MV Uhuru ilifufuliwa mwishoni mwa 2019 na kupeleka mafuta Port Bell, karakana ya Kisumu ikaunda Uhuru II, na bandari ikapakwa rangi. Yote hayo ni biashara ya Kampala. Abiria wa Sena hayumo.

Kinachomhusu ni kile kilichotokea Ukara, kisiwa cha Tanzania katika ziwa hilihili, Septemba 20, 2018. Kivuko cha MV Nyerere, kilichoundwa kubeba watu wapatao 100, kilipinduka kikiwa karibu kabisa na gati la Bwisya, kikiwa kimejaa watu na bidhaa za siku ya gulio. Watu 228 walikufa na 41 wakaokolewa. Ukara ni pacha wa Mfangano: kisiwa kidogo, kijiji cha gati, siku ya soko, watu wanaotegemea vyombo vya majini. Miaka 22 kabla, Mei 21, 1996, MV Bukoba ilikuwa imezama karibu na Mwanza na zaidi ya watu 800, kwa msongamano uleule. Mara zote mbili iliwawia vigumu wachunguzi kujua ni wangapi hasa walikuwa chomboni.

Mamlaka ya Usafiri wa Baharini ya Kenya ina sheria ya kutosha tangu 2006, na Walinzi wa Pwani wapo tangu 2018. Serikali za Homa Bay na Nairobi zisianze na meli nyingine ya kuzindua kwa utepe. Zianze na daftari la majina ya abiria pale Mbita na pale Sena, jaketi okozi moja kwa kila kichwa katika kila boti ya mbao, na gati lililojengwa juu ya alama ya maji ya mwaka 2020. Na msafiri kutoka Kakamega anayekwenda kuona Mawanga au kununua omena kwa bei ya bichi, afike Mbita mapema kabla upepo wa mchana haujaamka, na akikuta boti imejaa, asubiri inayofuata.